Jumatatu Usifunge Duka

Mama mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute mzima na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi huku mwili haujambo, ila moyo ndio haujatulia. Nimempa dada barua hii akukabidhi mkononi kwa sababu simu imenishinda. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za mvua.

Dada ameniambia kwamba Jumatatu utafunga duka la dobi asubuhi nzima, uende kwenye kile chuo chenye geti la vioo ukawadai cheti changu. Anasema Bwana Tai, yule mteja wako wa mashati meupe, ameshakuelekeza hadi mlango wa ofisi. Tafadhali usiende. Hawana cheti changu kwa sababu sikuwahi kusoma pale.

Unakumbuka nilipopata nafasi vyuo viwili. Kile cha serikali ulikicheka, ukasema mtu huingia humo kijana akatoka na mvi. Wiki hiyohiyo akaja mtu kukagua mashine yako kubwa ya kufulia, maana ulitaka kuiuza upate ada ya kile kingine. Nilimtazama akiigongagonga ubavuni kama anayenunua ng'ombe. Mashine ile ndiyo iliyokupumzisha mikono baada ya miaka ya kufua kwa beseni. Nikaamua palepale kwamba nitasoma cha serikali, na uamuzi huo sijaujutia hata siku moja. Ninachojutia ni kwamba sikukwambia. Ulikuwa umeshawatangazia wateja wote, nami nikaogopa kukuaibisha, nikadanganya kwamba kile cha vioo kimenipa ufadhili. Ulifurahi mpaka ukamfukuza yule mnunuzi kabla hajamaliza maji uliyompa.

Nilisoma vizuri, Mama. Madawati kweli yalikuwa na vilema, mengine tuliyaegemeza kwa matofali, lakini mwalimu wetu wa umeme hakuturuhusu kutoka karakana mpaka mota izunguke. Nilitamani sana kukusimulia, nikawa nameza maneno. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia siku ya mahafali. Vyuo vyote viwili vilifanya siku moja. Nilikwambia wageni hawaruhusiwi, lakini wewe ukashona gauni jipya, ukaja kimyakimya kunishangaza, ukakaa kwenye ukumbi wa chuo kisicho changu kusubiri jina langu lisomwe.

Jioni ile nilikwambia nilikuwa nimelazwa kwa homa, nawe ukaamini kwamba jina langu walilisahau kwa uzembe wao. Sikuwa na homa. Dada aliponipigia kwamba umeshafika ukumbini, nilitoka mbio kwenye mahafali yangu, nikapanda pikipiki na joho langu mwilini. Nilifika mpaka mlango wa nyuma wa ukumbi ule. Nilikuona, Mama. Majina yalikuwa yamekwisha, watu wanapiga picha, nawe umesimama na karatasi uliyoandika jina langu, unamwomba karani atazame tena. Kati yetu palikuwa na hatua kama ishirini. Humo wote walivaa majoho ya buluu na langu lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, nikaona nikiingia watanitazama. Nikalivua, nikalikunja, nikaondoka. Nilikuacha peke yako na ile karatasi.

Uongo wa kwanza niliusema kwa ajili yako, lakini pale mlangoni nilijifikiria mimi tu. Siwezi kulipamba jambo hili, na wewe hukunilea hivyo. Nisamehe, Mama.

Nakala ya cheti changu imo humu kwenye bahasha. Jumatatu fungua duka kama kawaida. Nitakuja mwenyewe niwaambie wateja wako ukweli, Bwana Tai akiwemo, ili usiwe wewe wa kuwaeleza. Nisalimie dada na watoto wake, umwambie mkubwa kiatu cha mpira nimekipata.

Shikamoo yangu nitakuletea kwa mdomo. Usipoiitikia nitaelewa, lakini nitaingia ndani.

Wako,
Kitindamimba