Mawe Aliyoyapanga Masudi

Tanga, 11 Februari 2024

Kwako dada yangu, Mama Bujiku,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa najua uzima wa mwanamke aliye kwenye eda ni wa jina tu. Huku tuko salama, mimi na binti yangu Zuhura, tunamshukuru Mungu.

Naitwa Mwanakombo. Mimi ndiye uliyempigia simu asubuhi ya mazishi, ukimtafuta huyo aliyeandikwa Fundi Tangi kwenye simu ya marehemu, umwambie mteja wake amefariki. Nililia. Ukaniuliza ni fundi gani anayelia hivyo, nikakwambia ukweli, ukakata. Tangu siku hiyo namba yako hainipokei, na sikulaumu. Ndiyo maana naandika, na barua nimempa dereva wa basi la Mwanza.

Masudi aliniambia kwamba mke wake wa Shinyanga anajua na ameridhia. Miaka yote kumi ya ndoa yetu niliamini hivyo. Nakuomba radhi kwa niaba yake, maana yeye hawezi tena kuomba.

Siandiki kwa ajili ya mirathi. Nina mambo mawili. La kwanza ni lile tangi la kioo lililo sebuleni kwako. Maji yake yaliiva, yaani yakawa tayari kwa samaki, wiki ileile aliyofariki. Alinipigia akicheka, akasema sasa nianze kumtumia viumbe. Ndani ya yale mawe mna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vitakavyosafisha uchafu wa samaki. Visipolishwa hufa, na maji huoza. Mawe hayo yalikaa miaka kwenye matangi ya mjomba wangu, anayefuga samaki wa mapambo hapa Tanga, na Zuhura ndiye aliyemchagulia baba yake, moja baada ya jingine. Tafadhali usiyatupe.

La pili ni Zuhura mwenyewe. Ana miaka tisa. Anataka kuliona kaburi la baba yake na kumjua kaka yake. Eda zetu zikiisha, naomba umfungulie mlango.

Mdogo wako katika msiba mmoja,
Mwanakombo


Shinyanga, 25 Februari 2024

Mwanakombo,

Waalaykum salaam. Salamu ni haki ya Muislamu, nimeitikia. Afya yangu haikuhusu.

Umeandika vizuri. Watu wa pwani mnajua kusema. Hata mimi Masudi alinipata kwa maneno kabla ng'ombe wa mahari hawajafika zizini kwa baba. Lakini mimi ni Msukuma, nasema kavu. Fundi Tangi! Nilikuwa namwona akitoka uani kuongea na Fundi Tangi, mimi niko jikoni namchemshia maji ya kuoga.

Kioo kile alikinunua kwenye hoteli iliyofungwa Geita. Akaleta mchanga, mawe na chumvi ya pakiti, akajaza maji, akawasha taa na pampu. Halafu hakuweka samaki! Kila jioni anatupa chembe za chakula kwenye maji matupu. Majirani wakasema Masudi analisha mawe, hela za machimbo ya Mwakitolyo zimempanda kichwani.

Mwanangu Bujiku ndiye aliyeshika duka la baba yake kule Mwakitolyo, la kuuzia wachimbaji makoleo na kamba. Anasema nyumba hii haiingii kitu chochote kutoka Tanga, awe mtu au samaki. Jumamosi alikuja na ndoo kulimwaga hilo tangi, na mimi ndiye niliyemwita. Alipochovya ndoo nikamwambia ngoja kwanza.

Nakwambia jambo moja na usilifanyie hotuba. Tangu afe, kila jioni nami natupa zile chembe. Mkono unakwenda wenyewe. Kwa hiyo vijidudu vyako havijafa njaa. Ila kioo kimeota ukungu wa kahawia mpaka mawe siyaoni. Huo ni ugonjwa gani?

Kuhusu mtoto, jibu ni hapana.

Mama Bujiku


Tanga, 3 Machi 2024

Dada Mama Bujiku,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Habari za huko, na joto? Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale pa zile chembe. Umenikataza hotuba, basi nasema ahsante tu.

Ukungu si ugonjwa. Kila tangi changa hupitia hapo. Leo basi linakuletea boksi jeupe, lile la kubebea samaki wa barafu. Ndani kuna konokono wa baharini na vikaa vidogo vinavyotembea na nyumba zao mgongoni. Hao ndio hutangulia, kwa sababu chakula chao ni huo ukungu. Samaki watafuata polepole, maana ukiwajaza kwa pamoja vijidudu vinazidiwa na uchafu.

Nakuomba usiwatumbukize kwa pupa. Zima taa, uache mfuko uelee juu ya maji mpaka upate joto lake, kisha uongeze maji ya tangi ndani ya mfuko, kikombe kidogo kidogo. Kiumbe aliyetoka mbali akitupwa ghafla hufa, hata kama maji ni mazuri. Na maji yakipungua kwa joto, ongeza ya mvua yasiyo na chumvi, kwani chumvi hairuki na mvuke, hubaki.

Hapana yako nimeisikia. Zuhura sijamwambia. Yeye anauliza tu kama mawe yake yapo.

Mdogo wako,
Mwanakombo


Shinyanga, 20 Machi 2024

Mwanakombo,

Ramadhani njema. Marahaba. Umenisalimia shikamoo mara mbili nikajifanya kiziwi, na mwezi huu si wa kujifanya kiziwi. Mimi mzima, naendelea na funga.

Bujiku alilipokea boksi stendi akiwa amenuna, akalibeba kama amebebeshwa mtoto wa mtu. Nilifanya ulivyosema, kikombe kwa kikombe, mpaka kiuno kikauma. Konokono wamekula ukungu wote, kioo kinang'aa. Vile vikaa ni vituko! Viwili viligombea ganda moja mchana kutwa. Bujiku akasema, "Mama, hata hawa wanagombea nyumba." Nikamkazia macho.

Mwambie Zuhura mawe yake yapo kama baba yake alivyoyapanga. Lile kubwa liko juu ya mchanga upande wa kulia, mengine yameliegemea. Sijagusa hata moja.

Nina hasira na Masudi, na Masudi siwezi kumfokea. Wewe upo, kwa hiyo nakufokea wewe. Nivumilie.

Dada yako,
Limi


Tanga, 14 Aprili 2024

Dada Limi,

Assalaam alaykum, shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Bujiku hajambo? Mimi nina maumivu ya tumbo na homa za hapa na pale, si neno. Zuhura mzima, amefunga siku nane akajiona mtu mzima.

Nifokee tu. Tangu msiba huu, hakuna mwingine aliyenisemesha habari za Masudi.

Leo nakutumia wawili waliozoeana. Mmoja ni kamba mdogo wa baharini, mchimbaji. Macho yake ni dhaifu, kazi yake ni kuchimba tu. Mwingine ni samaki mwembamba ambaye hachimbi lakini anaona. Wanaishi shimo moja. Kamba akitoka kumwaga mchanga, huweka sharubu lake juu ya mwili wa samaki. Samaki akitikisa mkia, kamba anajua kuna hatari, wote wanazama ndani.

Jambo moja nakusihi, dada yangu. Kabla hujawaweka, ondoa mchanga chini ya lile jiwe kubwa, ulikalishe juu ya kioo chenyewe. Kamba atachimba chini yake, nalo litaanguka. Nilimwambia Masudi, akasema atalishusha siku wageni wakifika.

Mdogo wako,
Mwanakombo


Shinyanga, 2 Mei 2024

Mdogo wangu Mwanakombo,

Salaam alaykum. Habari za homa? Umekwenda hospitali au unajitibu kwa vikombe vya tangawizi? Nenda. Mimi mwili hauna tatizo.

Walifika wazima wote wawili. Kufika asubuhi kamba alikuwa ameshafungua shimo. Bujiku akaleta wenzake wa Mwakitolyo waje kuona, mimi nikabaki nyuma ya pazia la mlango. Nilidhani wameondoka, kumbe wamekaa mkekani kimya, watu wanaopiga kelele hata msibani. Mwishoni mmoja wao, Marwa, akasema, "Huyu ni mwanaapolo kamili! Kifusi anatoa mwenyewe, na mlinzi yuko mdomoni mwa duara." Mwanaapolo ni mchimbaji, na duara ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu. Tangu siku hiyo Bujiku anakuja kila Ijumaa. Wiki iliyopita aliniuliza, bila hasira, yule mtoto anaitwa nani.

Jiwe sikulishusha, Mwanakombo. Niliingiza mikono ndani ya maji nikalishika, nikashindwa. Kanzu zake zimegawiwa, viatu vimegawiwa, redio amechukua shemeji yangu. Mawe tu ndiyo yaliyokuwa bado yamekaa kama mikono yake ilivyoyaacha. Nikajiambia, litakaa.

Jana limeanguka. Samaki alikuwa chini yake.

Kamba yu hai. Anatoa sharubu nje ya shimo, anapapasa pale samaki alipokuwa anakaa, halafu analirudisha ndani. Niliangalia hivyo mpaka nikalia. Siku ya mazishi sikumlilia Masudi, hasira ilinizuia. Nimemlilia jana, kwa ajili ya samaki asiyefika urefu wa kidole changu. Bujiku akanikuta, akauliza kuna nini, nikamwonyesha, naye akakaa chini akalia.

Nisamehe. Ulinisihi na sikusikia. Kama yupo samaki mwingine wa aina ile, nitumie.

Dada yako,
Limi


Shinyanga, 9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salaam alaykum. Habari za siku nyingi?

Barua yangu ya Mei hujaijibu. Dereva anasema ameikuta nyumba imefungwa, amemwachia jirani. Namba yako nimeifungulia, nimepiga, haipatikani.

Eda yangu imekwisha, na yako bila shaka. Nimekwenda kaburini. Kama umenikasirikia kwa ajili ya samaki, niambie kwa maneno makali, nitayapokea. Na kama unangoja jibu langu kuhusu Zuhura, mlango uko wazi, mlete alione kaburi la baba yake. Bujiku anajua na hajakataa.

Nijibu hata mstari mmoja.

Dada yako,
Limi


Dar es Salaam, 30 Juni 2024

Dada yangu Limi,

Assalaam alaykum, shikamoo. Barua zako mbili nimezipata juzi, mjomba amenikabidhi mkononi. Wala sikukasirika. Yule samaki nami nimemlilia.

Niko hospitali. Tumbo lile lilikuwa saratani ya kizazi. Daktari hakunificha. Amesema mionzi na dawa vipo, lakini nimechelewa kuja, na hawezi kuniahidi. Simu niliiuza tulipokuwa tunahangaika na vipimo.

Zuhura yuko Tanga kwa jirani. Mjomba ni mzee, na nyumba yake ina wanaume watupu. Nimewapitisha moyoni watu wote ninaowajua, ndugu kwa ndugu, nikawa narudi kwako. Sisi hatujawahi kuonana, lakini mtu aliyemlilia samaki wangu ndiye ninayemwamini na mtoto wangu.

Kwa hiyo siombi tena matembezi ya kaburini. Naomba umchukue, dada, umlee. Mpokee polepole, ana haya na watu wageni, na usiku hupenda taa iwe inawaka. Mimi usinijali. Nikijua amefika kwako, nitakuwa nimemaliza.

Mdogo wako,
Mwanakombo


Shinyanga, 7 Julai 2024

Mdogo wangu Mwanakombo,

Waalaykum salaam, na marahaba. Habari za afya sikuulizi, nimezisoma nikiwa nimekaa chini.

Jibu langu kuhusu Zuhura ni hapana. Simpokei peke yake.

Mara ya kwanza nilisema hapana kwa uchungu. Safari hii nasema kwa akili zangu timamu. Tangu Mei namwekea yule kamba chakula mlangoni kwake, na anakula, lakini kuchimba ameacha. Siwezi kumweka mtoto sebuleni kwangu akipapasa kama kamba huyo wakati mama yake bado yu hai. Utakuja naye.

Usianze kunijibu kwa adabu za pwani. Alhamisi nilikwenda mwenyewe hospitali ya rufaa Mwanza. Mionzi ipo, na wamesema wanapokea mgonjwa akija na karatasi za daktari wake. Kutoka kwangu ni asubuhi moja tu kwa basi. Nitakupeleka na nitakurudisha, kila mara.

Bujiku anangoja nimalize kuandika aondoke. Anapitia Tanga kumchukua Zuhura, halafu wanakuja wote Dar kukuchukua wewe, na barua hii atakupa yeye. Sikumlazimisha. Alisema tu, "Chumba changu kina dirisha kubwa, mama mdogo akae humo." Jina hilo la mama mdogo amelitoa mwenyewe, mimi nilikuwa sijalitamka. Mtoto asimwogope, ana sura ya baba yake na masikio yaleyale. Mje na nguo nzito, asubuhi za Julai huku zina baridi na upepo wa vumbi.

Jana tulitoa mawe yote, yeye na mimi. Lile kubwa sasa limekaa chini kwenye kioo. Halifanani tena na alivyolipanga Masudi, na nimeona nimeweza kuishi nalo.

Yaliyobaki ni ya Mungu. Akiamua kukuchukua, akuchukulie hapa, nimekushika mkono, na Zuhura atakuwa ameshazoea nyumba. Akikuacha, tutazeeka pamoja tukimsema Masudi, maana ana mengi ya kusemwa na mimi peke yangu nimechoka.

Mke mwenzio,
Limi