Kitambaa cha Mama na Kaske ya Ndege

Mama yangu mpenzi,

Nakupigia makofi kutoka huku Kolwezi, kama unavyopenda nikusalimie, ingawa karatasi haina mlio. Umelalaje? Mguu unaendeleaje? Mihogo imekauka? Mimi ni mzima, ila vumbi la malori ya mgodi linanikohoza. Tangu Baba azikwe nami nisiwepo, kisha mnara wa simu wa hapo kwenu Musumba ukaharibika, sijasikia sauti yako. Nimekukumbuka mno.

Ngoja kwanza nikuchekeshe. Ndege yetu ndogo ilirudi kutoka Lubudi, na rubani, Tata Ilunga, akaniletea mimi fundi kaske moja, kile kifaa cha kufunika masikio ili watu wasikilizane humo ndani.

"Inakufa hii. Mama Kapinga hasikie kitu, moteri tu."

Nikafuta plagi, nikabadilisha waya, nikaijaribu kwenye kila kiti. Safi kabisa! Safari ya pili, lalamiko lilelile. Nusura niitupe porini.

Safari ya tatu nikaenda kumpandisha mwenyewe. Mama Kapinga, muuza vitenge, alikuwa ameivaa kaske juu ya kitambaa chenye fundo nene, na kelele za injini zinapita pembeni. Rubani alikuwa akimwona kila mara, lakini nani athubutu kumwambia mama mzima afungue kichwa mbele ya wanaume? Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya kwetu.

"Mama, unisamehe. Ni kitambala njo inazuia."

"Ah, mutoto! Na bote balinyamaza tu?"

Alipokifungua nikasikia harufu ya mafuta yaleyale uliyokuwa ukijipaka jikoni asubuhi, mimi nikichochea moto. Nikajifanya natazama bawa.

Sasa ndege inakuja kwenu na barua hii. Tata Ilunga akishakusomea, atakupeleka uwanjani akuvalishe kaske. Redio ya ndege inafika mpaka hapa kwetu, nami nitakuwa nimekaa mbele yake nakungoja.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mjomba aliyekuezekea nyumba, na yule jirani anayekuchotea maji.

Najua kitambaa cheusi hujakivua tangu msiba. Siombi umalize matanga, Mama. Kifungue kidogo tu, unisikie vizuri. Huku tunaambiwa tuseme machache redioni, lakini wewe usifupishe. Niulize habari zote, za kula, za kulala. Ukifika kwenye habari za Baba, nyamaza kwanza. Hapo tutalia pamoja.

Kitinda mimba wako,
Muteba