Alasiri ya Watu wa Mbali

Mjukuu wangu Rukia,

Assalamu alaikum, huko London. Sisi Wete wazima, karafuu ziko juani, na bibi yako, dada yangu Bi Time aliyenilea, anakusalimu. Cheka utakavyo kuitwa mjukuu na karani kama mimi, uliyenizidi mwaka mmoja. Ukoo ndio ukoo.

Unauliza kwa nini kikundi chetu cha simu cha mambo ya kurefusha umri bado hakina saa maalumu. Nilikianzisha kwa hofu, Bi Time alipokataa chakula. Siku ya kwanza niliandika, "Tukutane baada ya Alasiri," kama tunavyoahidiana hapa kwetu, nikasahau kuwa kila mji una Alasiri yake. Wa Maskati walipiga tukiwa bado kwenye chakula cha mchana. Wa hapa wakafuata. Nyinyi mkaja tumeshaswali Magharibi. Niliona aibu, maana mada niliyoiandaa haikusikilizwa na yeyote.

Lakini simu ilikuwa mkekani kwa Bi Time, naye akimpokea kila mmoja. "Mtoto wa nani wewe? Umekula?" Mzee mmoja wa Maskati akamtania, "Bi Time, hujafa tu?"

"Nife, nani akusute?"

Alicheka mpaka akaomba uji. Ilikuwa kama jua limesimama, likingoja watu wafike.

Nikamwomba radhi kwa kuvuruga saa. Akafumba macho, akasema, "Sijapata kuona Alasiri ndefu hivi. Kesho usinifupishie."

Babu yako,
Hamadi