Spika Mbili za Mbele

Baba Paskali, mume wangu,

Mahindi tumevuna, maharage napukuchua bado. Mwanetu Paskali amerudi kazini Arusha, na hapa Endasak nimebaki mimi, kuku na resiva. Kuku ndio wananielewa zaidi.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa ukagawa vitu vyako, kama desturi. Koti alipewa mjomba wako, baiskeli ikaenda kwa ndugu zako wa Dirma. Halafu mdogo wako Amsi akaomba amplifaya ya valvu, ile mashine ya kukuza sauti yenye vioo vinavyowaka, uliyoachiwa na padri mzee kabla hujanioa. Wazee wakaona ni haki: amplifaya ni ya marehemu, resiva ya sinema, ile inayogawa sauti ya tivi kwenye spika, ni ya mjane, aliinunua mwenyewe. Nani angewaambia kwamba vile viwili vilishakuwa kitu kimoja? Mimi nilikuwa nalia. Amsi akachomoa waya, akaviringisha amplifaya kwenye blanketi, akaenda nayo kwake Gehandu.

Unakumbuka ulivyoviunganisha? Radi ilikuwa imeunguza resiva upande wa spika za mbele, mafundi wakasema ni ya kutupa. Wewe ukaigeuza, ukaona nyuma yake kuna matundu ambayo bado yanatoa sauti, ila ndogo mno, ukavuta waya kutoka pale mpaka kwenye amplifaya yako. Tangu hapo wakawa wanagawana kazi: sauti za nyuma resiva inazipiga yenyewe, za mbele inampelekea mzee, yaani amplifaya, azikuze. Ukachukua rangi yangu ya kucha bila kuniomba, ukatia alama kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya ili pasiguswe, sauti tupandishie kwenye resiva tu. Nilikununia kwa ile rangi, wewe ukawa unacheka tu. Na kila tulipowasha ulisema, "Subiri mzee apate joto," nami nikakujibu mzee ni wewe.

Sasa nikiwasha zinalia spika za nyuma peke yake. Kumbe maneno yote yalikuwa yanatoka mbele! Naona watu kwenye tivi wanafungua midomo, wanagombana, wanaoana, na mgongoni kwangu nasikia mvua na magari tu. Nimeangalia hivyo jioni nyingi, kwa sababu nikizima ni vibaya zaidi. Nina upweke, Baba Paskali. Msibani niliwaambia watu nitazoea, na mpaka leo sijazoea.

Alhamisi alipita mama mmoja anayetoka Gehandu, akaniambia kwa Amsi wanawashiwa umeme siku ile ile. Nikauacha ungo wa maharage chini. Amsi alichukua amplifaya, lakini spika zake mbili, zile za mbele, zilibaki kwangu, maana wazee walizihesabu pamoja na makabati kama vyombo vya nyumba. Na wewe ulinionya mara ngapi: "Mama Paskali, usiiwashe bila spika, itajiunguza yenyewe." Nikapiga simu, imezimwa. Kwake umeme ulikuwa haujafika, simu anachajia senta.

Nikakaa kwenye kigoda kidogo. Nikawaza, acha iungue, tukose wote. Nakwambia ukweli kwa kuwa huwezi tena kunijibu. Halafu nikakuona ukivifuta vile vioo na kitambaa laini, polepole, kwa upole ambao mimi mwenyewe nilikuwa nauonea wivu. Nikamwita bodaboda. Spika moja akaiweka mbele yake juu ya tenki, nyingine nikaipakata kama mtoto. Vumbi la njia ya Gehandu nimelila lote mimi.

Nilimkuta Amsi amesimama mezani, waya wa umeme mkononi. Akasema, "Shikamoo shemeji," na mimi, Mungu anisamehe, badala ya marahaba nikapiga kelele: "Weka chini huo waya!" Watoto wakakimbilia nje.

Nikafunga spika mwenyewe, kama ulivyokuwa unafanya, nyekundu kwa nyekundu. Nikachomeka simu ya binti yake kwa waya niliokuja nao. Tukasubiri vioo viwake. Kwaya ilipoanza kuimba, watoto wakarudi mmoja mmoja wakakaa chini bila kuambiwa. Amsi akavua kofia. Akasema, "Shemeji, rudi nayo. Bila wewe ningeshaiua."

Nilikataa. Usinisifu, sikuwa na moyo mkubwa kiasi hicho. Niliwaangalia wale watoto wanavyosukumana kukaa karibu na spika, nikajua kwangu ingekuwa inaviimbia viti. Nimewaachia vyote, amplifaya na spika. Nilirudi mikono mitupu, na resiva nimeifunika kitambaa.

Pumzika sasa, mume wangu. Ninakuahidi Jumapili baada ya misa nitakuwa nakwenda kule kumfundisha binti wa Amsi namna ya kuitunza, ili ikija siku nami nimelala pembeni yako, awepo wa kuwaambia wasubiri mzee apate joto. Usiwe na wasiwasi na vitu vyako, vimegawanywa vikaisha, kila mtu aliomba chake. Majonzi tu ndiyo hayakuombwa na mtu. Yote nimebaki nayo mimi.

Mkeo,
Mama Paskali