Bibi Aliyefanywa Bubu Njiani Kwenda Hanang

Gungu,
Kigoma.
9 Desemba 1998

Mpendwa Shangazi Verediana,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepata nafuu na mvua za huko Tanga hazijakutesa. Sisi huku afya tunayo. Amani ndiyo hatuna, nami nakuandikia bila Baba kujua.

Mtihani wa kidato cha nne nilimaliza salama, nasubiri matokeo. Wiki iliyofuata tulisafiri kwenda Katesh, kwenye harusi ya Baba Mdogo Leodgar. Baba alikodi Land Rover ya Dismasi, na Dismasi mwenyewe ndiye aliyeendesha. Bibi alifurahi kuliko sisi sote, maana miaka yote Baba Mdogo amekuwa akimsimulia Hanang, mlima uliowahi kutapika moto. Alitaka auone kwa macho yake kabla hajafa.

Kabla ya kizuizi cha kwanza cha askari Baba, aliyeketi kando ya Bibi, alimgeukia akasema, "Mama, ukiulizwa lolote usijibu. Wewe ni bubu." Nilidhani anatania.

Unakijua Kiswahili cha Bibi. Chakula kwake ni "chakura", na kila amwonaye humwamkia "mwakeye". Askari wengi hawajui kutofautisha Kiha chetu na Kirundi. Mwaka jana, wakati wa msako wa wakimbizi, Mzee Bonifasi wa Simbo alimwamkia askari hivyo hivyo, akapakiwa kwenye lori pamoja na Warundi na kupelekwa kambini. Mtu aliyezaliwa Simbo, na baba yake kazikwa Simbo! Na hata angekuwa mkimbizi, ndiyo apakiwe kama gunia la mihogo? Kwa hiyo hofu ya Baba naielewa. Dawa yake ndiyo iliyonichoma.

Askari alichungulia dirishani, kijana tu, akasema kwa adabu, "Shikamoo, bibi." Shangazi, Bibi alifungua mdomo aitikie, Baba akamkanyaga mguu! Mzee mzima ananyimwa hata marahaba yake.

"Mama yangu huyo ni bubu, afande. Tangu kuzaliwa."

"Bubu kazaa msemaji namna hii?" askari akasema, wakacheka wote wawili. Baba naye alicheka! Mimi nilinyamaza kama kawaida yangu, na ninaona haya kwa hilo. Mchezo huo ulirudiwa kila kizuizi mpaka Nyakanazi.

Tulipoipita Singida, Hanang ukajitokeza. Nimechora volkano nyingi kwenye daftari la jiografia, lakini sikujua kwamba mlima unaweza kusimama peke yake uwandani, bila ndugu, ukiwa umevaa wingu kichwani na makorongo yakishuka ubavuni. Dismasi alisimamisha gari tukashuka.

"Mama, ndio Hanang huo! Unauonaje?" Baba akauliza.

Bibi alionyesha mdomo wake, akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna askari, Mama. Sema tu."

Bibi akainua viganja juu. Dismasi alicheka hadi akashika mlango wa gari. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Bibi akifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Harusini aliwabariki maharusi kwa Kiha, sauti ikafika barabarani. Anaongea na Mama, na majirani, hata na kuku. Baba peke yake ndiye anayejibiwa kwa mikono mpaka leo. Na Baba, badala ya kuomba radhi, anasema eti alimwokoa, na Bibi hana shukrani!

Jana alinituma: "Winfrida, mwambie bibi yako aje kula." Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikamjibu, "Mwambie mwenyewe, Baba. Ni mama yako."

Alininyooshea kidole, kisha akakishusha. Akaenda jikoni, alikokuwa Bibi akichambua maharage. Alisimama mlangoni muda mrefu. Mwisho aliinua mkono, akaupeleka mdomoni mara mbili, kama mtu anayekula. Bibi alimtazama, akaendelea na maharage yake.

Tafadhali mwandikie Baba. Wewe ni dada yake mkubwa, atakusikia. Mwambie afungue mdomo.

Mama anakusalimu sana, na Bibi anasema anakuombea mguu. Wasalimie Nehemia na Honorata. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,

Winfrida