Picha Ambamo Mama Hakunitambua

Akai mjukuu wangu,

Ejok? Sisi hapa Lodwar hatujambo. Mjomba wako amerudi kutoka Longech na samaki, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Umeuliza kwa nini kwenye picha ya kitambulisho changu nimenuna hivyo. Nilikuwa na hasira, basi. Nilikuwa msichana mwenye shanga kutoka mabegani hadi kidevuni. Mpiga picha akasema nizivue zote, akanipa blauzi ya studio, ileile waliyoivaa wanawake wote kwenye foleni. Nikavaa. Shingo ikawa nyepesi kama si yangu. Nilipopeleka picha nyumbani, mama yangu Nakiru aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Juzi mama yako alinionyesha kwenye simu picha uliyompiga yule mama wa Sudan Kusini anayeuza chai kule Kakuma. Eti ulimuuliza kwanza anataka aonekane vipi, ukamngoja aende kuvaa gauni lake la kanisani. Mimi hakuna aliyeniuliza. Akai, nilizunguka na hiyo simu kwa majirani wote mpaka ikaisha chaji, na mama yako bado amenikasirikia.

Ukija Krismasi, beba kamera. Nimetunga shanga upya, na safari hii sivui hata moja.

Ni mimi nyanya yako, mtoto wa Nakiru.