Mchumba Wangu Carter na Ukoo Wake

Etobicoke, Toronto
12 Novemba 2006

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mguu umepata nafuu? Na mama, kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo, kazi ya hospitali inaendelea na baridi imeshaanza visa vyake. Naandika kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kwenye simu ya jirani.

Shangazi Genoveva ameniambia kwamba ulitangaza baada ya misa kuwa mchumba wangu, Delroy Carter, ni wa ukoo wa yule rais mstaafu wa Marekani. Kaka Japhet naye akaongeza mcheza kikapu Carter, aliyekuwa timu ya hapa Toronto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaingiwa na hofu, maana ulishaniambia kwamba Shirima haozeshi binti kwa mtu asiyejulikana ukoo.

Baba, huku jina si ukoo. Kwetu Rombo Shirima wawili wakikaa wakahesabu wazee, watakutana mahali. Huku akina Carter wamejaa, weupe kwa weusi, hata yule Mwingereza aliyefukua kaburi la mfalme wa Misri, na wengi hawahusiani kabisa. Nilisoma maktaba kwamba zamani huko Uingereza Carter lilikuwa jina la kazi, la mtu wa mkokoteni. Kwa hiyo hata wazee wa huyo rais wako huenda walisukuma mizigo. Usimwambie padri.

Jumapili nilikwenda na Delroy mtaa wa Mount Dennis kwa mama yake, mtu wa Jamaika, nikamuuliza asili ya ukoo wao kama ulivyoniagiza. Alisema Carter alikuwa Mzungu mwenye shamba la miwa ambako wazee wao walikuwa watumwa, wakaandikwa kwa jina lake kama mali yake. Jina walilokuja nalo kutoka Afrika hakuna anayelijua. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuulizwa swali hilo. Delroy aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Basi, Baba, ukoo wa kukuonyesha hana. Na mimi simwachi, nakwambia wazi nisije nikaonekana mjanja. Tena nina mimba yake, mtoto tunamtarajia Machi. Najua nimekuumiza, na inaniuma.

Kuna ombi, nalo ni la Delroy mwenyewe. Anajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na wazee watanung'unika. Lakini anakuomba umpokee mtoto awe Shirima. Anasema anataka walau mwanawe, siku akiulizwa, awe na la kujibu.

Ukikubali, tutafunga ndoa kanisani kabla ya Krismasi. Ukikataa, niambie mwenyewe, usimtume shangazi.

Nisalimie mama na Japhet, na wote wa nyumbani. Nakuombea afya.

Binti yako,
Asumpta Tomasi Shirima